Nimelipia kupanda mikoko mara mbili, na pale pazuri hawakunipa hata mche mmoja

Naanza na ile mbaya manake nina machungu nayo bado. Hizi huduma za kwenda kupanda mikoko zimejaa Pwani siku hizi, na ukiziangalia kwa picha zote ni sawa, tope, watu wamekunja suruali, meno nje. Mimi nimeshaenda mbili na pesa nimetoa mfukoni mwangu kote, so wacha niwaambie vile nimeona.

Mwaka jana kazini tukaambiwa kuna siku ya mazingira, kila mtu elfu mbili mia tano, kampuni moja ya mjini itashughulikia kila kitu. Jina sitaji. Tukaletewa basi la kutubeba, tisheti za kijani tukapewa, kuna kijana wa maiki, kuna droni inalia juu kama nyuki, biriani iko kwa sufuria inangoja. Tulifika kwenye kriki maji yamekupwa mpaka kule mbali, ilikuwa bamvua, zile siku bahari inajaa na kukupwa kupita kawaida, ufuo wote uko uchi, nyasi za bahari zimelala chini kama nywele zimetoka kuoshwa. Kila mtu akapewa miche kumi ya mkoko na kijiti cha kutobolea, tukapangwa mistari, tukaambiwa tushuke mpaka kwenye zile nyasi tupande hapo manake hapo ndo kuna nafasi. Watu sitini mara kumi, miche mia sita, dakika arobaini tumemaliza, picha, kelele, biriani.

Sasa pembeni kulikuwa na mzee ameketi kwenye dau lake anashona wavu, katuangalia weee mwisho akasema, "Wanangu, hapo hapajaota mkoko tangu nizaliwe, utaotaje leo?" Kijana wa maiki akacheka akasema mzee ana utani, na sisi tukacheka, mimi pia nilicheka, sitawadanganya.

Miezi mitano baadaye nikawa na harusi upande ule ule, nikasema hebu niangalie watoto wangu. Nilihesabu vijiti kumi na moja. Sio miche, vijiti, havina jani hata moja, vimegandwa na vile vidudu vya gamba vinavyokatakata miguu kwenye mawe, vimejaa mpaka kijiti kimepinda kwa uzito, na mwani umejizungusha kama kilemba. Nikapigia kampuni simu, mwenzenu najibiwa kwa upole kabisa ati wao kazi yao ni kupanda, kulea ni kazi ya jamii ya pale. Jamii gani, yule mzee mliyemcheka?

Biriani ilikuwa tamu, hiyo nawapa nyota moja ya haki. Sertifiketi yangu inasema nimechangia kuokoa bahari, na tisheti sahii inapangusia meza.

Kilichoniuma zaidi si pesa, ni kwamba hii makosa inajulikana kitambo na imeandikwa na watafiti mpaka wakachoka. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 walipanda mikoko kwa fujo pwani nzima, pesa za misaada zinamwagika, halafu watafiti wakarudi kuhesabu, na utafiti wao ukatoka 2017, wakakuta kwenye sehemu 23 walizokagua, sehemu 9 hakukubaki mche hata mmoja. Ufilipino nao miaka na miaka walikuwa wanapanda mkoko wenyewe, ile aina moja tu kati ya miti yote tunayoiita mikoko, wanauweka ukingoni mwa maji, mahali ambapo kihalali ni pa aina zingine, michu na mililana, ikafa kwa mamilioni. Sababu ni ile ile ya siku yetu, mkoko ndo rahisi kupanda, ile mbegu ni ndefu unaichomeka tu kama kalamu, na kwenye tope tupu hakuna mtu wa kugombana naye kuhusu ardhi. Kwa hivyo watu wanapanda mahali rahisi, si mahali panapofaa. Na zile nyasi za bahari tulizokanyaga na viatu nazo si uwanja mtupu, ni malisho ya kasa na ni pahali samaki wadogo wanajificha, so tuliua kitu kizima ili tupande kitu kikafa. Mia juu ya mia.

Haya, sasa nzuri.

Gazi, Kwale. Ni kama kilomita hamsini kutoka Mombasa ukishuka kusini, unavuka feri Likoni, unachukua matatu ya Msambweni au Lunga Lunga unashuka steji ya Gazi halafu boda mpaka kijijini. Nilienda na mwanangu wa miaka tisa wakati shule zimefungwa. Wenye historia mtajua Gazi ndo kulikuwa kwa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza 1895 mpaka 1896, lakini mimi nilienda kwa ajili ya njia ya mbao ya kina mama, ile inapita katikati ya mikoko, na kwa ajili ya kupanda miche yangu kumi mingine, manake nilikuwa bado nina hamu ya kujisafisha.

Nikafika nikasema nimekuja kupanda. Yule mama aliyetupokea akanitazama miguuni kwanza, nilikuwa nimevaa ndala, halafu akasema, "Karibu dadangu, kupanda leo hakuna. Leo tembea uone." Nikasema lakini nimelipa. Akasema ndio, umelipa kutembea. Nikanyamaza. Mwanzoni nilichukia kidogo, siwafichi.

Tukaingia. Na hapa ndo huduma yenyewe iko, si mbao. Hatua chache tu anasimama, anachuma jani la mchu, anampa mwanangu alilambe. Mtoto akaniangalia kwanza mimi, kisha akalamba, akakunja uso, akamwambia yule mama, "Shangazi, hii ni chumvi!" Mchu unakunywa maji ya bahari halafu chumvi unaitoa kwa majani, unaiona ikimetameta kama sukari ukigeuza kwenye jua. Mkoko wenyewe hauna mchezo huo, wenyewe unachuja chumvi huko huko mizizini. Halafu akamwonyesha mizizi, ya mchu imesimama kwenye tope kama penseli elfu moja zimechomekwa kichwa juu, ya mlilana minene kama karoti, ya muia imekunja goti, ya mkoko imejishika pande zote kama mtu anaogopa kuteleza. Hiyo yote ni kutafuta hewa, manake tope la pale halina pumzi, ukilichimba linanuka yai bovu. Mimi nimezaliwa Mombasa, dari ya nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale ni boriti za mkoko tupu, na haki sikuwa najua kama iko tofauti. Kumbe Kenya ina aina tisa, mpaka kuna mkomafi unaotoa tunda kama mpira, likipasuka mbegu zimepangana ndani kama fumbo la watoto, ukizitoa kuzirudisha ni shughuli.

Ndo akanieleza kwa nini siku ile hakuna kupanda, na alieleza bila kunidharau. Kila mti una pahali pake kulingana na maji yanafika mara ngapi na yanakaa muda gani. Mbele kabisa baharini ni mlilana na mchu, inavumilia kuzamishwa kila siku, nyuma yake mkoko, halafu muia na mkandaa, na kule juu ambako maji yanafika bamvua tu unakuta mchu tena lakini umedumaa, mfupi, manake chumvi imekolea. Ukichukua mkoko ukaupeleka mbele ya mlilana umeuzamisha, ukiupeleka juu umeukausha. Na pale tuliposimama chini ya miti mikubwa kulikuwa na miche imejiotea yenyewe, mingi, imebanana. Akaniuliza sasa hapa nikikupa mche uuchomeke wapi? Akachukua mbegu moja ya mkoko iliyoanguka, ndefu kama mkono wa mtoto, akatuonyesha mahali ilipoachana na tunda, kuna pete ya manjano. Ukiona hiyo pete ndo imekomaa, kama hakuna pete umeivunja ikiwa changa, na ukiipanda hiyo unajisumbua. Nikakumbuka ile miche yetu mia sita iliyokuja kwa gunia. Pete nani aliangalia.

Wanapanda, wasiseme watu hawapandi. Kuna mahali paliachwa uwanja tangu miaka ya 70, wakati mikoko ya Gazi ilikatwa kwa kuni za viwanda mpaka sehemu zingine zikabaki tope tupu, na hazikurudi zenyewe hata baada ya miaka. Kuanzia miaka ya 90 taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, ambayo ina kituo hapo hapo Gazi, wakaanza kujaribu kurudisha, na jina utalisikia sana ni la Dakta James Kairo. Sahii hiyo miti ya kupandwa ukipita chini yake huwezi jua ni ya kupandwa, isipokuwa ukiangalia vizuri unaona iko na mistari. Mimi niliangalia mistari ile nikaona aibu kidogo, manake mistari yetu pia ilikuwa imenyooka.

Tulibahatika tukakuta vijana wawili wanapima. Wamezungusha kamba kiwanja cha mita 10 kwa 10, kila mti una kibati cha namba, mmoja anapima unene wa shina na futi ya utepe anataja, mwenzake anaandika. Kwa mkoko hupimi pale kifuani kama miti mingine, unapima juu ya ile mizizi inayoning'inia, la sivyo utapima mguu badala ya mwili. Mwanangu akapewa kushika ncha ya utepe kwa miti miwili, na akataja namba kwa sauti ya mwalimu mkuu, mpaka leo anasimulia shuleni kama alikuwa mtafiti. Nikauliza hizo namba za nini, wakasema ndo za kuuza hewa, yaani kaboni ambayo msitu umeishika isirudi angani, kuna watu wanailipia.

Hapa nikae kidogo kwa sababu wengi wanasikia kaboni wanadhani ni uongo wa wazungu. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, umeanza 2013, wanalinda hekta 117 za ghuba hiyo na wanauza karibu tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, kupitia Plan Vivo, mfumo wa kimataifa wa kuthibitisha kaboni ya jamii, na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland kiko ndani tangu mwanzo kwa upande wa utafiti. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kaboni nyingi si kwenye mti, iko chini kwenye lile tope linalonuka yai, majani na mizizi inayokufa haiozi vizuri kwa kukosa hewa kwa hivyo inajirundika. Ukikata mti na tope likapata jua, ile iliyowekwa miaka yote inaanza kutoka. Pesa haziingii mfuko wa mtu, watu wa Gazi na Makongeni wanakaa wanaamua, na zinaenda kwa vitu unaviona, maji ya mfereji, vitabu vya shule. Yule mama alikuwa anaonyesha mfereji kwa fahari kushinda alivyoonyesha mikoko, na mimi nikamwelewa.

Halafu kuna hii ambayo haipigwi picha. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, so kijiji hakiwezi kuamka tu kiuze hewa ya msitu si wake. Ilibidi wawe na chama cha msitu cha jamii, wafunge makubaliano na idara ya misitu, mikutano juu ya mikutano. Na ukimwambia mtu asikate boriti lazima umwonyeshe atajenga na nini na atapika na nini, ndo wakapanda mivinje juu nchi kavu, mtu apate fito na kuni kule. Kampuni yangu ya tisheti hata neno mvinje hawalijui.

Lawama yangu, na hii siyo ya Gazi: hekta 117 ni kidogo. Kenya nzima ina kama hekta elfu sitini na kitu za mikoko, kubwa iko Lamu. Vanga, kule mpakani na Tanzania, wamefuata na hekta 460 tangu 2019, hiyo ni hatua, lakini kriki zetu za Mombasa mjini zinakatwa usiku, zinamwagiwa maji ya choo, na zinazikwa na udongo unaoshuka kutoka bara mvua zikinyesha. Wakubwa mnakumbuka El Nino ya 97 kuingia 98 vile kwenye kriki ya Mwache mikoko ilikauka imesimama, mchanga ulifunika ile mizizi ya kupumulia ikakosa pumzi. Hapo hata ungepanda miche milioni kama udongo wa shambani bado unashuka, unafukia tu tena. Hilo nilimuuliza yule mama, akasema hiyo kaulizeni huko juu kwa wenye mashamba.

Sasa chakula, najua wengi mmeruka mpaka hapa. Kinapikwa na kina mama wenyewe lakini uagize mapema, usifike saa saba ukaanza kuuliza menyu. Sisi tulipata wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha, na kachumbari kali ya ndimu. Samaki alikuwa changu, ngozi imeshika moto vizuri, tui limekolea limeingia mpaka mfupani, si lile tui la maji ya mjini. Kuna na kaa, tulimuona mzima kabla hajapikwa, mwanangu akakataa kumla kwa sababu walishafahamiana. Nikala mimi.

Kero ni za kwangu mwenyewe. Ndala kwenye tope ni upumbavu, moja ilibaki huko na nadhani ishaanza kuhifadhi kaboni. Mbu wako, wa alasiri wanauma juu ya nguo. Na kondakta wa kurudi alitutoza nauli ya watalii kwa sababu ya kofia ya mtoto, tukagombana mpaka Ukunda.

Kwa hivyo nyota tano kwa Gazi, na ile ingine moja ya biriani. Kama ofisi yenu inataka siku ya mikoko, kabla hamjalipa ulizeni mnapanda aina gani, mahali hapo palikuwa na mti gani zamani, maji yanafika mara ngapi kwa mwezi, na nani atarudi kuhesabu baada ya mwaka. Mimi wiki iliyopita nimetumiwa meseji na wale wale wa tisheti, msimu mpya, bei elfu tatu sasa. Niliwauliza hayo maswali manne kwa wasap. Wamenijibu biriani mwaka huu itakuwa ya mbuzi.

Gazi nendeni maji yakiwa yanakupwa asubuhi, mvae viatu vya kufunga, na mtoto mpeni maji mengi manake akishalamba jani la kwanza atalamba yote.